Hedifoni za Waya, za Blutuuthi, na Mkamwana wa Hasamba

Wanangu, kila mkipita hapa kwangu mnaniuliza swali lilelile: "Bibi, mfuko wangu ni mdogo. Ninunue hedifoni ya waya au ya blutuuthi?" Nikianza kujibu mnaangalia simu. Basi nimeamua kuandika, mkasome wenyewe mkiwa mmetulia, na kwenye karatasi hakuna wa kunikatiza.

Nimeuza vitu vya kusikilizia pale Tunduma tangu zama za ruksa, bidhaa zilipoanza kupita mpakani bila watu kujificha, mpaka magoti yaliponikatalia kusimama kibandani. Nilianza na betri za redio na kanda. Zikaja hedifoni nyepesi zenye sponji la rangi ya chungwa, zile za kuning'inia juu ya sikio tu. Baadaye zikaja kubwa, za kufunika sikio lote, na hapo ndipo nilipopata jina. Watu wa pande zote mbili za mpaka waliniita Mama Masikio. Mwanzoni nilikasirika, lakini jina lilileta wateja, nikanyamaza.

Kazi nilifundishwa na Fundi Sichone, mtengeneza redio aliyevuka kutoka Nakonde kila asubuhi na kisanduku chake cha bisibisi. Kibanda chake kiliegemea changu. Alikuwa mpole, ila kwenye kazi hakuwa na simile. Siku moja nilirudi na katoni la hedifoni nzito, nzuri, nikampa moja aishike. Mimi nilijua kitu kizito ndicho kitu imara. Akaipima mkononi, akacheka, akaifungua palepale mbele yangu. Ndani, pembeni ya kispika chembamba, kulikuwa na kipande cha chuma kimegandishwa kwa gundi. Hakikuwa na kazi yoyote zaidi ya kuongeza uzito.

"Ba mayo," aliniambia, maana ndivyo Wabemba wanavyomwita mama kwa heshima, "umenunua misumari."

Niliziuza zote, nisiwafiche, ila niliziuza kwa bei ya misumari.

Ni yeye aliyenikataza kupima hedifoni kwa muziki. Vijana wakija kununua wanataka wimbo wenye ngoma nzito, kichwa kitikisike, waseme inapiga kweli. Fundi Sichone alisema ngoma nzito inafunika uchafu wote. Yeye alipima kwa taarifa ya habari. Unatafuta kituo chenye mtangazaji anayesema taratibu, unavaa, unafumba macho. Je, ile sauti ya "s" inakuchoma sikio? Hiyo itakuumiza kichwa kabla jua halijazama. Je, mtangazaji anasikika amejifunika blanketi? Hiyo ina besi ya kukopa. Akisikika amekaa mbele yako mezani, nunua, hata kama sanduku lake limekunjamana. Mpaka leo napima hivyo.

Sasa waya. Hedifoni ya waya haifi kichwani, inafia shingoni, pale waya unapoingia kwenye pini. Kabla ya kutoa pesa, chomeka kwenye simu, weka mtu anayeongea, halafu upinde waya pale shingoni huku na huku. Ikikwaruza hata mara moja, irudishe mezani. Ikiwa nzima, nenda nayo nyumbani, chukua ukanda mwembamba wa mpira wa baiskeli, uizungushie shingo hiyo, ufunge na uzi. Nimewafanyia hivyo wateja wengi sana bila malipo, na wengine walirudi baada ya miaka kuniletea wadogo zao.

Sponji nalo lina maneno. Likandamize kwa dole gumba kisha uachie. Likiruka haraka ni gumu, litakubana. Likibaki limebonyea limekufa tayari. Zuri linarudi polepole. Ngozi ya bandia inayolifunika, kwa vumbi la Tunduma na jasho la foleni ya malori, huanza kubanduka mapema, ukivua unabaki na vipande vyeusi shingoni hadi watu wanakushangaa. Ipanguse kwa kitambaa kikavu kila jioni. Na wewe mwenye miwani au hereni, vaa navyo wakati wa kujaribu, usijaribu ukiwa umevivua halafu uje kunilaumu.

Blutuuthi zilipofika, Fundi Sichone alikuwa ameshatangulia mbele za haki. Hilo linaniuma. Kila nilipofungua katoni jipya nilitamani awepo aitie bisibisi, aniambie kama ni misumari. Nikajifunza peke yangu, kwa kuungua.

Raha ya blutuuthi ni kwamba mikono na shingo viko huru. Ukiwa Mbozi unachuma kahawa, waya unanasa kwenye tawi, unang'oka na pini yake. Ukiwa na blutuuthi unachuma, unainama, unabeba kikapu, wimbo unaendelea. Lakini za bei yetu zilikuwa na tabia zake. Simu ukiiweka mfuko wa nyuma, sauti inakatikakatika, maana mwili wako mwenyewe umekaa katikati. Iweke mfuko wa mbele. Na kwenye video, mdomo unatangulia, sauti inafuata.

Dereva mmoja wa lori, Mzambia, alinunua ya blutuuthi bila hata kuijaribu. Alikuja tu na "Shinga, ba mayo?" yaani kiasi gani, akalipa, akaondoka. Safari iliyofuata aliporudi alikuwa amefura. Eti nimemuuzia mbovu, sinema zote watu wanafungua midomo kwanza ndiyo maneno yanakuja.

Nikamuuliza, "Unaangalia sinema saa ngapi, baba? Si uko barabarani mchana kutwa?"

Akageuka kulitazama lori lake. Halafu akacheka, akaomba ya waya. Nilimbadilishia, nikamwombea kwa Mungu yeye na wote wanaopishana naye.

Kwa hiyo jibu langu kwenu, wenye mfuko mdogo, ni hili: tafuteni ile yenye tundu la pini ingawa ni ya blutuuthi. Chaji ikiisha, au umeme ukikatika kama ilivyokuwa desturi yetu, unachomeka waya unaendelea. Ila msidanganyike na tundu. Izimeni kabisa, chomekeni waya, sikilizeni. Zipo ambazo zikizimwa hazisemi hata kwa waya, na hizo tundu lake ni pambo. Na msipandishe sauti kupita nusu. Mtu aliyekaa pembeni yako akiweza kuusikia wimbo wako, masikio yako yanalia.

Hili la mwisho ndilo linalonikumbusha Tumpe.

Tumpe alikuwa binti wa Ikinga, kule Ileje, aliyeolewa Hasamba kwenye nyumba ya wakulima wa kahawa. Mumewe, Enea, alikuwa mteja wangu, kijana mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, na mwenye mapenzi ambayo hakuona haya kuyaonyesha. Alikuja kumnunulia mkewe hedifoni kwa sababu, alisema, amekuwa mnyonge, na msimu wa kahawa anakaa chanjani, kunakoanikwa kahawa, peke yake siku nzima akichambua. Nikampa ile ninayowapendekezea ninyi, ya blutuuthi yenye tundu la pini. Akaijaza simu kwaya za Kindali za kwao Tumpe, akaondoka anacheka.

Msimu ulipokuwa unakwisha nikawaona watatu mlangoni. Enea alikuwa kichwa chini. Tumpe alisimama nyuma yake na mfuko wa nguo. Mbele yao alikuwa mzee mrefu amevaa koti zito, Mzee Yohani, baba yake Enea, ameishika ile hedifoni kwa vidole viwili.

Nilikuwa nimeinama natafuta kitu kwenye droo. Nikamwambia, "Shikamoo, mzee." Hakuitika. Nikadhani ni hasira.

"Wewe ndiye uliyemuuzia mwanangu kidude hiki?"

"Ndimi."

"Kimeniharibia mkamwana. Anapita mbele yangu asubuhi, anachuchumaa, ananyamaza, anaondoka. Hanisalimii! Mimi baba wa nyumba! Masikio kayaziba, na adabu imezibwa humohumo. Sasa nampeleka kwao Ikinga wakamfunde upya. Na hiki kaa nacho mwenyewe."

Walikuwa wamepita Tunduma kunirudishia hedifoni tu, kisha warudi hadi njiapanda ya Mpemba kushika njia ya Ileje. Mnajua mwanamke kurudishwa kwao na baba mkwe maana yake nini. Wakimfunda vizuri atarudi, lakini wangapi tuliwaona wakirudi? Nikamtazama Enea.

"Mama, nifanyeje?" akasema. "Tumpe anasema anasalimia. Baba anasema hasalimii. Mimi alfajiri niko shambani. Nikimwamini mmoja, nimemwita mwingine mwongo."

Tumpe alikuwa ameuelekeza uso wake ukutani. Kwao Enea mkamwana hamtazami baba mkwe usoni. Akimsalimia anachuchumaa, uso anaugeuzia pembeni, na sauti anaishusha. Kupaza sauti mbele ya baba mkwe ni utovu wa adabu. Na Tumpe alikuwa amefundwa barabara.

Mimi nina desturi yangu: kitu kikirudishwa, nakijaribu mbele ya aliyekirudisha. Nikaiwasha hedifoni, nikaiunganisha na simu yangu, nikatafuta redio yenye mtu anayeongea. Nilitaka kumwonyesha mzee kwamba sponji la bei ile haliwezi kuzuia salamu. Nikajivika kwanza. Ilikuwa nzima. Nikamwambia kwa ishara akae juu ya katoni, nikamvika.

"Mtangazaji anasemaje, mzee?" nikapaza, kama tunavyompazia yeyote aliyevaa hedifoni.

"Hakisemi kitu. Kibovu hiki."

Nikapandisha hadi nusu. Kimya. Nikapandisha tena, mpaka nikawa nasikia kila neno la mtangazaji mimi niliyesimama mbele yake.

"Aa, sasa wako watu wanaongea," akasema. "Wako mbali."

Nilidhani labda chaji. Nikaivua, nikafungua boksi jipya la hedifoni ya waya, nikachomeka pini, nikamvika. Mtangazaji yuleyule, sauti ya kawaida.

"Hata hiki kibovu. Wewe mama unauza vitu gani?"

Kwa kulinganisha hedifoni nilikuwa nimezeeka, wanangu. Ya waya na ya blutuuthi, viwanda tofauti, moja imetumika na nyingine haijawahi kutoka kwenye boksi, haziwezi kuharibika kwa namna ileile dakika ileile. Nikamtazama Enea. Naye alikuwa ananitazama mimi. Nikaikumbuka shikamoo yangu ya kwenye droo. Nikamkumbuka pia Enea na ile sauti yake, nikaona kwamba nyumba nzima ile ilikuwa imezoea kupaza sauti kwa mzee bila mtu kujua kwa nini. Wote isipokuwa mmoja, aliyekatazwa kupaza.

Niliogopa, sitawaficha. Utamwambiaje mzee wa watu, mbele ya mwanawe na mkamwana wake, kwamba masikio yamekwisha? Angesimama akaondoka, na safari ya Ikinga ingeendelea kwa hasira zaidi. Nikamwambia kwa sauti kubwa avumilie kidogo, nijaribu na upande wa simu, maana hedifoni ile inapokea hata simu.

Nikamshika Tumpe mkono, nikaingia naye nyuma ya pazia nilikopanga katoni.

"Unamsalimia kweli?" nikamuuliza.

"Kila asubuhi, mama." Machozi yalikuwa yameshajaa. "Yeye ndiye haitikii. Hata kabla ya hedifoni alikuwa haitikii. Nikaona hanitaki. Ndiyo maana nikawa navaa nikiwa chanjani, nisikie watu wa kwetu."

 Binti huyu alichuchumaa mbele ya ukimya kila siku, akaamka kesho yake akachuchumaa tena.

Nikatoka, nikaiunganisha ile ya blutuuthi na simu ya Enea, nikamvika mzee, nikaweka sauti ya mwisho kabisa. Nikarudi nyuma ya pazia, nikapiga namba ya mumewe kwa simu yangu, nikampa Tumpe. Kidude kile kina kinywa kidogo pembeni cha kunasa sauti ya aliyekivaa. Mzee hakuwa na haja ya kushika chochote. Enea akaipokea.

"Msalimie," nikamnong'oneza Tumpe. "Vilevile unavyomsalimia nyumbani."

Akachuchumaa. Hakuna aliyekuwa anamwona zaidi yangu, lakini alichuchumaa, akageuza uso pembeni.

"Shikamoo, baba."

Nikachungulia penye pazia. Mzee Yohani alikuwa ameshtuka, mikono yote miwili juu ya sponji.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, baba. Tumpe."

"Marahaba," akasema. Midomo ikabaki wazi. "Marahaba. Lakini kwa nini unanisalimia leo?"

"Nakusalimia kila asubuhi, baba. Huniitikii. Nilijua hunitaki nyumbani kwako."

 Mzee aliivua hedifoni taratibu, akaiweka magotini, akamwita Enea asogee.

"Ile redio, alipokuwa anaongea yule mtu. Wewe ulisikia?"

"Nilisikia, baba."

"Ukiwa umesimama pale?"

"Hata wa nje walisikia, baba."

Nikachukua kitambaa nikaanza kupangusa kioo cha kabati kilichokuwa safi, nisimwangalie mzee wa watu usoni.  Malori yalikuwa yananguruma kwenye foleni ya forodha, na mimi nilijiuliza ni mangapi kati ya hayo yalikuwa yanamfikia. Nilimwambia Enea pembeni ampitishe hospitali wamwangalie masikio, maana hedifoni si dawa, hata niwe Mama Masikio vipi. Akaitikia kwa kichwa, anajifuta macho na mkono wa shati.

"Mwite," Mzee Yohani akasema mwishowe. "Anisalimie bila kidude."

Tumpe akatoka nyuma ya pazia. Akachuchumaa mbele ya baba mkwe wake, akageuza uso kama alivyofundwa, midomo ikacheza. Mimi niliyekuwa hatua mbili nilisikia kwa shida.

"Sijasikia," mzee akasema. Sauti yake haikuwa na ukali. "Mwanangu, sijasikia. Paza."

Tumpe akamtazama mumewe, kisha akanitazama mimi. Yote aliyofundishwa na shangazi zake yalikuwa yanamkataza. Nilimwona akivuta pumzi.

"SHIKAMOO, BABA!"

Wabadilisha fedha waliokuwa barazani waligeuka na mabunda yao mikononi. Dereva mmoja akashusha kioo cha lori kutazama nani anagombana.

"Marahaba!" akajibu Mzee Yohani, naye kwa ukelele kama wake. "Marahaba, mwanangu! Enea, tafuta gari. Turudi nyumbani."